Kwa Nini Wimbi Kubwa Hufika Pwani Limechoka

Mambo haya yalianza siku ya Jumatano, mwezi ukiwa na siku kumi na tano, saa nne na robo asubuhi, maji yalipokuwa yamekupwa hadi mwambani. Kabla ya saa hiyo sakafu ya bahari ilikuwa laini kama ukuta uliopakwa chokaa. Wimbi Kuu alikuwa akitoka kusini, mbali sana, akiteleza juu ya sakafu hiyo na kufika pwani na nguvu zake zote.

Wimbi Kuu hakuwa kama hivi viwimbi vinavyochezeshwa na upepo. Hivyo huelea juu tu, wala havijui chini kuna nini. Yeye alikuwa mpana kiasi kwamba mtu wa pwani hakuweza kuona alipoanzia wala alipoishia, na mwili wake ulishuka hadi chini kabisa. Alitembea kwa nyayo.

Alikuja mara moja kwa mwezi, siku ya mwezi mpevu, saa kumi alasiri, akaketi juu ya mashimo ya makumbi. Wanawake wa pwani ile walifukia makumbi ya nazi kwenye tope mpaka yalainike, kisha wakayaponda na kusokota nyuzi zake, yaani usumba, kuwa kamba. Uzito wa Wimbi Kuu ndio ulioyashindilia makumbi yasielee.

Palikuwa na ndugu wawili, Mize na mdogo wake Kazija, ambao mashimo yao yalikuwa jirani. Shimo la Kazija lilikuwa chini kwa shubiri moja, kwa hiyo Wimbi Kuu alilikalia muda mrefu zaidi. Mize hakuipima shubiri hiyo. Alichokiona ni kwamba usumba wa Kazija ulitoka mweupe na laini, na wake ulitoka mwekundu na mgumu.

"Mize mwanangu," jirani yao Bi Mwanakombo alimwambia siku moja mbele ya watu, "kamba hii ni ya kumfungia mbuzi, au ya kumchinjia?"

Wanawake wakacheka. Kazija naye alicheka, kisha akaziba mdomo.

"Samahani, dada."

"Ya nini? Cheka. Anayependwa na Wimbi ana haki ya kucheka."

"Hakuna anayenipenda. Ukitaka, tubadilishane mashimo."

"Nibadilishiwe shimo kama mtoto anayelilia kikombe cha mwenzake?"

Mize hakulitaka shimo la Kazija. Alitaka Wimbi Kuu aje kwake kwa hiari yake mwenyewe, na Kazija awe amesimama pale akitazama.

Ndipo Jumatano ile akashuka na jembe. Alichimba matuta kuikata njia ya Wimbi Kuu, moja nyuma ya jingine, kutoka shimo la Kazija hadi mwambani. Mbele ya shimo lake mwenyewe aliacha njia laini, upana wa mikono miwili. Alidhani Wimbi Kuu atachukia kukwaruzwa, atageuka, na atapita kwake.

Saa kumi Wimbi Kuu akafika. Tuta la kwanza halikumzuia. Lilimpunguzia nguvu kidogo tu. La pili likapunguza kidogo katika zile zilizobaki, na la tatu vivyo hivyo. Kichwa kilikuwa bado na mbio ilhali miguu imebaki nyuma. Akainama, akaanguka kifudifudi, akatoa povu kwa mara ya kwanza. Alipoyafikia mashimo, maji yake hayakupita vifundo vya miguu.

"Nani amenikwaruza nyayo?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Pita huku," Mize akamwita. "Nimekuachia njia nzuri."

"Njia hiyo inanitosha kidole kimoja."

Akarudi alikotoka akiburura miguu, na kila alipoburura, mchanga ukajikunja nyuma yake kuwa matuta mapya. Mize alimkimbilia kwa jembe akisawazisha. Alichokisawazisha kilijikunja tena, na matuta yakaendelea mbele mpaka kilindini, asikoweza kufika.

Huku nyuma makumbi yalikosa uzito wa kuyashindilia. Yakafumuka topeni, yakaelea kuelekea kilindini, kwanza ya Kazija, halafu ya Mize. Kazija aliingia majini hadi kiunoni kuyaokota. Akamwona dada yake anarudi na jembe.

"Dada, ni wewe?"

"Nilikuonea wivu."

"Hilo najua. Hata Bi Mwanakombo anajua. Shika kapu, yanakwenda."

Na kuanzia hapo hadi leo, wimbi kubwa linalotoka mbali hukwaruzwa na sakafu ya bahari njia nzima, hupungua hatua kwa hatua, na hufika pwani limechoka. Maji yakipwa utayaona matuta madogo mchangani, yamepangana kama yalivyochimbwa. Na wanawake wanaofukia makumbi hawamngoji tena Wimbi Kuu ayashindilie. Wanayawekea mawe.

Wa kwanza kuweka mawe alikuwa Mize, asubuhi iliyofuata, Alhamisi. Alishuka mapema kabla ya Kazija kuamka, akafukia makumbi ya mdogo wake, akayapangia mawe kumi na mawili, makubwa kabisa aliyoweza kuyabeba. Kisha akafukia yake, akayawekea mawe kumi na mawili pia. Akasimama akiyatazama mashimo yote mawili. Akaenda kuleta jiwe moja zaidi, akaliweka kwenye shimo lake.