Filamu ya Fisi na Kisima cha Bibi Pimbi

"Jamani, niwape nisiwape?"
"Tupe!"
"Ya sukari au ya pilipili?"
"Ya pilipili!"
Haya, wekeni maji karibu.

Alikuwepo Fisi, mwenye kamera. Siku moja akatangaza, "Natengeneza filamu ya kuchekesha, ya maisha ya zamani, ya kutazamwa na familia nzima. Ule mwaka wa kiangazi, wanyama wote tulipoishi ua mmoja!"

Pimbi alifurahi mpaka masharubu yakamtetemeka. Mwaka ule bibi yake ndiye aliyechimba kisima, peke yake. Sasa bibi alikuwa amezeeka, na watoto walikunywa maji yale bila kumjua. Akaenda mbio.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Nani atakuwa bibi yangu?"

"Marahaba. Kwenye filamu kisima kinachimbwa na fisi. Yaani mimi."

"Na Pundamilia?"

"Mke wangu. Tumempaka chokaa."

"Na Sungura?"

"Shemeji yangu. Tumemfunga masikio ya majani ya mgomba."

"Na sisi pimbi?"

"Ipo nafasi moja. Mwizi wa maji. Anatumbukia kisimani, chubwi! Watu wanacheka."

Ukoo mzima wa fisi ukacheka, kwe-kwe-kwe! Pimbi hakucheka. Wamemnyang'anya bibi kazi yake, na bado wanataka achekwe!

Akatazama. Fisi wote walikuwa mbele ya kamera, wakisukumana waonekane. Nyuma ya kamera hapakuwa na mtu.

"Mzee," akasema kwa adabu, "sura nzuri zote zimo kwenye picha. Niachie mimi huku nyuma."

"Shika! Huko ndiko kunakokufaa."

Ikaja karamu ya kufungua kisima. Katikati ya sinia lilikuwa paja la ng'ombe, la kweli, linanukia. Krrr, krrr, kamera ikaanza. Pundamilia wa chokaa akanyoosha mkono.

"Kata! Pundamilia hali nyama. Mpeni majani. Rudia!"

Krrr, krrr. Sungura wa mgomba akanyoosha mkono.

"Kata! Sungura hali nyama. Mpeni majani. Rudia!"

Krrr, krrr. Fisi mwenyewe akanyoosha mkono.

"Kata! Siku ile mchimba kisima alikula wa mwisho. Rudia!"

"Wee mtoto, mpaka lini?"

"Zamani ndivyo ilivyokuwa, mzee."

Mate yakawadondoka, ndo, ndo, ndo. Mara ya saba hawakuweza tena. Vuu! Wakalirukia paja. Masikio huku, chokaa kule, shemeji kang'atwa mkia. Safari hii Pimbi hakusema kata. Krrr, krrr, krrr.

Walipolala kwa shibe, akaibeba kamera mpaka kwa bibi yake. "Bibi, simulia."

Siku ya maonyesho Fisi alialika wanyama wote, akakaa mbele. Wakamwona pundamilia akiguguna mfupa. Wakacheka mpaka wakalia.

"Zima!" Fisi akafoka, akasimama.

"Kaa chini, bwana," Tembo akamwambia. "Unatuziba."

Kisha kwenye picha akatokea Bibi Pimbi, akionyesha vidole vyake. "Kucha hizi ziliishia kwenye jiwe la tatu. Maji yalikuwa chini ya la nne."

Hakuna aliyecheka. Mtoto wa Pundamilia akamgeukia Bibi Pimbi pale alipokaa kati ya watazamaji. "Bibi, mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza?"

Hadithi yangu naitua hapa, anayeitaka aibebe. Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: mkinyimwa nafasi, nyamazeni, wala msiguse kamera ya mtu. Mwenye kamera anamjua bibi yako kuliko wewe.