Kwa Nini Nyuki Hupaka Gundi Kila Ufa

Hapo kale, nyuki walipokuwa bado wanawaamini mafundi, waliishi kwenye mapango ya miti, na kila kiangazi moto wa msituni uliwafuata humo humo. Wakaliomba baraza la wanyama liwajengee masanduku ya mbao, yenye fremu za kujengea masega, ili mama akitaka kumwona mwanawe ainue fremu moja tu bila kubomoa nyumba nzima.

Tenda akapewa Kigogota, yule ndege atoboaye miti kwa mdomo. Msiniulize kwa nini. Mchwa, wanaojenga ghorofa kwa mate matupu, walipanga foleni juani wakaambiwa warudi Jumatatu, na Jumatatu hiyo haijafika hadi leo. Mwenyekiti wa baraza alikuwa Hondohondo, na Hondohondo ni mjomba wake Kigogota. Usaili wa nini tena? Koneksheni haikuanza jana.

Ukweli usemwe, Kigogota alijua kukata mbao. Zilitoka mdomoni mwake laini kama jiwe la mtoni. Siku moja nyuki mmoja, mama wa watu, akamjia, akasema kwa adabu, "Fundi, mbona hujatupima? Kati ya fremu na fremu tunapishana mgongo kwa mgongo, basi. Nafasi ikizidi hapo, sisi hujenga."

"Dada, rilaksi," akacheka Kigogota. "Wewe pika asali, ufundi niachie mimi."

Kisha akachukua kipimo kilichokuwa karibu naye kuliko vyote: akaulaza mdomo wake mwenyewe kati ya fremu na fremu, akapigilia.

Masanduku yakapendeza. Nyuki wakahamia. Lakini nyuki haachi uwazi mpana, si tabia yake. Wakajenga sega hapa, wakavusha pale, wakaunga fremu na fremu, fremu na ukuta, hata ndani pakawa na bonge moja.

Siku ya ufunguzi msitu wote ulikuja. Hondohondo akahutubia mpaka watu wakasinzia. Kigogota akatoka kifua mbele, akaishika fremu ya kwanza kwa mdomo. Haikutoka. Akaona macho yote yako kwake, akavuta kwa nguvu.

Aliusikia mpasuko kabla hajaona kitu. Majana, wale watoto wa nyuki, weupe, wasio na macho, walimwagika mchangani, na asali ikawafuata ikawafunika. Yule mama aliyemwonya alikuwa chini akiwaokota, anamrudisha mmoja kwenye sega lililovunjika, mtoto anaanguka, anamwokota tena.

"Fundi, asante kwa karamu!" akapayuka Nyegere, mwizi wa asali, akilamba vidole. Hakuna aliyecheka.

Kigogota akamtazama mjomba wake. Hondohondo alikuwa akimnong'oneza jirani, "Huyo? Ni ndugu wa mbali sana."

Fremu ilikuwa bado mdomoni mwake, inatiririka. Hakujua aiweke wapi. Malkia wa nyuki akasogea, akauliza kwa sauti ya chini, "Fundi, ulimpima nani?"

Ilimbidi aitue fremu ndipo ajibu. "Nilijipima mimi."

Laiti wangemchoma. Angepata cha kulilia. Lakini nyuki walimpa mgongo, wakaruka mitini, wakarudi na utomvu miguuni, wakautafuna ukawa gundi, wakaanza kuziba nyufa za masanduku yake naye amesimama pale pale, bila hata mmoja kumwambia "pisha". Alisimama hivyo mpaka akaona kuwa haya yake haimwokoi mtoto yeyote. Akaondoka.

Na tangu siku hiyo Kigogota huenda mti hadi mti akikigongesha kichwa chake, hata utosi umekuwa mwekundu. Hupiga, akanyamaza, akategesha sikio: anauliza aliyemo ndani ana ukubwa gani, kabla hajakata.

Nao nyuki hawaingii nyumba wakaiacha kama walivyoikuta. Wape sanduku lililorandwa likarandika, fremu zimekaa sawasawa, watalipaka gundi tu. Ndiyo maana mrina asali akitia kisu kuinua fremu husikia kwaa!, na vijana hulaani kwamba nyuki hawana shukrani. Msiwalaani. Wale wamewahi kuokota watoto wao mchangani.