Nani Aliuokoa Mguu wa Fundi Mihayo?

Sogeeni, lakini kama umetoka kula sasa hivi, acha kwanza chakula kitulie. Hadithi hii inanuka.

Walikuwapo watu watatu. Kafumu, mpiga kinanda wa kanisani, alikuwa na pua kali na mdomo usio na haya. Sista Adelina, muuguzi wa zahanati, alikuwa na macho yasiyokubali kudanganywa. Nyamizi, mke wa Mihayo fundi cherehani, alikuwa mbishi; akishasema hapana, imekwisha.

Mihayo aliendesha cherehani yake peku. Siku moja kipande cha sindano kilimwingia unyayoni, naye akashona wiki nzima bila kujua. Kidonda kikatoa usaha wa kijani, nzi wakahamia chini ya meza. Wateja walivuta pumzi kwa mdomo, wakasifu mishono, wakaondoka. Watu wa adabu hao. Mimi wananichefua kuliko usaha wenyewe.

Kafumu alikuja kujaribu suruali, akatema mate mlangoni. "Fundi, hapa pananuka mzoga, na mzoga wenyewe ni wewe." Mihayo akamfukuza. Kesho yake Kafumu akarudi, akasimama barabarani akayarudia maneno yale kwa sauti mpaka majirani wakatoka. Kwa aibu tu, Mihayo akaenda zahanati.

Adelina alichomoa sindano, na mgonjwa hakushtuka hata kidogo. Hilo likamtia wasiwasi. Akamfunga macho kwa kitambaa, akachukua uzi mgumu wa nailoni.

"Nikikugusa unyayoni, sema ndiyo."

Mihayo akaitikia ndiyo kila mara. Adelina akaweka mikono mapajani, akatulia.

"Ndiyo," akasema Mihayo.

"Sijakugusa, fundi."

"Niliona nikinyamaza utajisikia vibaya, sista."

Mtu anaoza mguu kwa ajili ya heshima! Adelina akampima upya, kisha akamkagua mgongo, akakuta mabaka yasiyo na hisia. Ulikuwa ukoma, na ulishaanza kula mishipa ya fahamu. Akampa dawa, akachora kwa kalamu mstari mguuni pale hisia zinapoanzia, na uzi akampa Nyamizi.

"Mpime kila Ijumaa. Mstari ukipanda, mlete siku hiyohiyo. Tukichelewa, mguu huu hauinuki tena."

Ijumaa ya kwanza Nyamizi alitapika. Ya pili akatapika tena, akasukutua, akaendelea kupima. Ijumaa ya sita mstari ulikuwa umepanda vidole viwili.

"Chora palepale pa zamani, mke wangu," Mihayo akambembeleza. "Nikionekana tena zahanati, nani ataniletea nguo?"

"Hapana."

Akamburuta mpaka kwa Adelina, aliyemwongezea vidonge vya kutuliza uvimbe wa mishipa. Ilichukua miezi, lakini mstari ulishuka, kidonda kikafunga.

Siku aliyorudi kazini, safari hii na viatu, Mihayo alitoa kitambaa cha sufu alichokitunza tangu ujana wake. Kilitosha vazi moja tu. Akasema atamshonea aliyeuokoa mguu wake.

"Bila mimi ungekuwa kaburini," akasema Kafumu kutoka mlangoni. Tangu asikie ukoma hakumpa fundi mkono, ingawa Adelina alishamweleza kwamba aliyeanza dawa hamwambukizi mtu. "Nishonee mimi. Ila mkeo alifue kwanza kabla sijalivaa."

"Wewe ulinusa kidonda," Adelina akamjibu. "Ugonjwa niliugundua mimi. Kingepona hicho, angepata kingine, wala asingekihisi."

"Miaka tisa mke wa fundi, nimevaa viraka," akasema Nyamizi. "Lakini sidai kwa hilo. Nadai kwa ile Ijumaa ya sita."

Mihayo akamtazama Kafumu kwa kinyaa. Hata mimi ananitia kinyaa, sifichi. Lakini asingemtukana fundi, fundi asingekwenda zahanati.

Sasa tepu ya kupimia nguo umeishika wewe. Je, ungempima nani?