Kiraka cha Pimbi

Ngano nigawe?
Gawa!
Ikiwa chungu?
Tutaimeza!

Haya, mezeni polepole. Na wewe unayetafuna karanga kule nyuma, tafuna kimya au toka nje, maana ngano ya leo ina msiba ndani yake.

Palikuwa na Pimbi, mama mdogo wa mwili, mwenye watoto wanne, akiishi kwenye mawe kando ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kuziba plastiki. Ndoo ikipasuka, kwa Pimbi. Beseni likipasuka, kwa Pimbi. Alikuwa na jiko la mkaa na kisu kikuukuu. Kisu kikipata moto, anayeyusha kipande cha plastiki juu ya ufa, tsss, anakilainisha, na mwenye ndoo anaondoka na ndoo nzima.

Mumewe alikuwa na mashua ya faiba, ya zamani, na jua lilikuwa limekausha kila kitu cha plastiki kilichomo. Kibaya kuliko vyote ilikuwa ile kola inayozunguka tundu la kutolea maji, nyuma kabisa, pale kizibo kinapokaa. Ilikuwa imepasuka. Maji yanaingia, mtu anachota kwa kopo la dumu lililokatwa, safari inaendelea.

Ufuko ule ulikuwa na mbabe wake, Nyani, aliyechukua nusu ya samaki wa kila mtu bila hata kuomba. Siku moja akamlazimisha mume wa Pimbi ampeleke gulioni ng'ambo na matenga yake. Katikati ya ziwa maji yakamshinda mwenye kopo. Mume wa Pimbi akasihi watupe samaki kidogo, mashua ipate kuinuka. Nyani hakutupa hata samaki mmoja. Alimtupa mume wa Pimbi.

Basi ndivyo Pimbi alivyokuwa mjane. Nyani akarudi na mashua, akatoa pole, na kabla matanga hayajaanuliwa akasema mashua sasa ni yake, na gulio lijalo mchota maji atakuwa Pimbi mwenyewe.

Pimbi alilia siku tatu. Akizama na yeye, wale wanne watalishwa na nani? Siku ya nne akapangusa macho, akaenda kwa Nyani, akainama.

"Shikamoo, Mzee Nyani."

"Marahaba. Umekuja kujaribu kiti chako?"

"Nimekuja kuziba kola, mzee. Ikizibika, maji hayaingii. Yasipoingia, mchotaji wa nini? Pale ningekaa mimi, utaweka tenga."

Neno tenga lilimwingia Nyani vizuri sana. Akakubali, ila akaapa kwamba likionekana tone moja tu, Pimbi atakaa na kopo mle ndani mpaka kufa kwake.

Sasa sikilizeni, maana wengi wenu mnadhani plastiki ni plastiki. Kwangua kidogo, choma, nusa. Moja inanuka mshumaa. Nyingine inanuka ukali mpaka macho yawashe. Ya mshumaa inashikana na ya mshumaa. Ukiibandika ile kali juu yake, inakaa vizuri, inang'aa, inapendeza, lakini haijashikana, imelala tu. Pimbi alikwangua kola, akachoma, akanusa. Mshumaa. Akakwangua kopo la mumewe. Mshumaa vilevile. Kipande kimoja cha kopo lile kingeiziba kola ikakaa miaka.

Akalishika lile kopo. Mpini ulikuwa umelainika pale mkono wa mumewe ulipozoea kushika. Akalirudisha mahali pake, chini ya ubao wa kukalia. Akachukua kipande cha bomba bovu la maji, akakitia moto, tsss. Moshi mkali ukapanda, machozi yakamtoka, wala si moshi peke yake.

Nyani akaja kukagua. Akagonga kiraka, ko, ko, ko, kigumu kama jiwe. Akakaa ndani ya mashua kando ya mawe asubuhi nzima, sakafu ikabaki kavu. Hapo Pimbi akamwambia ukweli mtupu.

"Mzee, kiraka hiki kinabeba matenga mawili. La tatu usipakie."

Nyani akamtazama, akaona huyu mjane ana kijicho tu.

Akapakia tenga la kwanza. Mashua ikasema kwii. Nyani akasema, "Bado."

Akapakia la pili. Mashua ikasema kwii. Nyani akasema, "Bado."

Akapakia la tatu, la nne, la tano, la sita, la saba. Mashua ikasema kwii, kwii, kwii, na Nyani bado yuko kwenye bado. Tenga la nane likakosa nafasi. Akatazama huku na huku, akaliona kopo chini ya ubao. Mashua haiingizi maji, kopo la nini? Akalirusha, likaangukia miguuni pa Pimbi.

"Chukua urithi wako," akasema, akasokomeza tenga la nane, akapiga kasia.

Pimbi alibaki juu ya mawe, kopo kifuani. Akamwona anafika mbali. Akamwona anaacha kupiga kasia, anainama, anapapasa chini ya ubao. Akamwona anachota maji kwa viganja.

"Tupa samaki," Pimbi akasema taratibu, na hakuna aliyemsikia.

Nyani hakutupa hata samaki mmoja. Mashua ikasema gulu, gulu, gulu. Chubwi.

Mchana matenga yakaanza kusukumwa ufukoni, na kila aliyeporwa akaja kuokota. Pimbi aliokota kwa lile kopo, akawapikia wanne wake, wakala. Yule mdogo akauliza mashua ya baba itarudi lini. Pimbi akamwambia hairudi, akageuka upande ili wasimwone uso.

Ngano nimeigawa.
Tumeimeza!

Basi na fundisho lake mlimeze. Enyi mafundi, fanyeni kazi kwa uaminifu, kila ufa na plastiki inayofanana nao, kwa sababu kazi mbovu haijamsaidia mtu yeyote tangu dunia iumbwe. Na wewe wa karanga, kama unataka kuniuliza kuhusu Pimbi, nyamaza.