Muziro wa Mzee Rweyemamu

Wahenga walisema mtafuta cha mvunguni sharti ainame. Maana yake haina mzunguko: kitu kikiwa chini, hukipati kwa kusimama wima na kushika kiuno. Hata hivyo wapo watu ambao migongo yao imekaza kama gogo la mvule, na mmoja wao alikuwa Aristides Karugendo wa Buganguzi.

Aristides alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi, na tena balozi wa nyumba kumi. Enzi hizo za ujamaa balozi hakuwa mtu mdogo. Mgeni akilala kijijini, balozi ajue. Mbuzi akila maharage ya watu, balozi aamue. Aristides aliubeba ubalozi wake kama askofu anavyobeba fimbo. Serikali ilipohimiza nyumba bora za bati, aliwakusanya watu wake, akaunyoshea kidole msonge wa bibi kizee mmoja aitwaye Anatolia, nyumba ya nyasi ya duara iliyokaa migombani kama kichuguu kikubwa. Akasema mbele ya wote kwamba msonge ule ni aibu ya taifa, na kwamba yeye hataingia humo maisha yake, labda siku ya kuubomoa. Anatolia akamjibu kwamba hakumbuki kumwalika. Tangu siku hiyo wakawa chui na mbuzi, ingawa haikujulikana vizuri nani alikuwa chui.

Novemba moja, senene, wale panzi wa kuliwa, walipoanza kuanguka, binti wa Aristides aitwaye Theopista akaposwa. Mwenye kuposa alikuwa Privatus, mwalimu kijana kutoka Bakoba, Bukoba mjini. Baba yake Privatus alikwisha fariki, kwa hiyo wageni waliongozwa na Apolinary, baba yake mkubwa. Rubisi, pombe ya ndizi, ikamiminwa, kahawa za kutafuna zikapitishwa, maneno yakateremka kama maji mlimani. Kila kitu kilikuwa kimekwisha, isipokuwa Apolinary alikuwa mtu wa shukrani nyingi. Alifuta midomo, akasema kwamba majira haya kila nyumba humtolea mgeni senene, naye hupata taabu ya kukataa.

"Lakini ninyi hamkuleta," akasema kwa furaha. "Kama vile mlijua kwamba kwetu senene ni muziro."

 Muziro ni mwiko wa ukoo, kitu ambacho watu wa damu moja hawakili. Na watu wa damu moja hawaoani. Nao ukoo wa Aristides haukuwahi kula senene tangu enzi za mababu. Ni kweli koo hizo mbili zilikuwa na majina tofauti. Lakini wazee wanajua kwamba koo hugawanyika na kubadili majina, muziro ukabaki ule ule. Theopista, aliyekuwa mlangoni na sinia mkononi, aliliweka chini polepole asije akaliangusha.

Padri alipopata habari alisema hatatangaza ndoa mpaka wazee waridhike. Majilio yalikuwa yanakaribia, na katika Majilio harusi hazifungwi. Januari Privatus alikuwa amepangiwa shule huko Tabora. Yaani neno lipatikane upesi, au Theopista abaki kusikia habari za mchumba wake kwenye barua mpaka barua zikauke. Na kwa desturi mtu wa kuridhika alikuwa mmoja tu, baba wa binti.

Apolinary alieleza anachokijua, nacho kilikuwa kidogo. Baba yake, Mzee Rweyemamu, babu yake Privatus, aliondoka huku Muleba akiwa kijana, akahamia mjini, akafa bila kusimulia mengi. Alichowaachia ni jina la ukoo na onyo la kutogusa senene. Ila alikuwa na dada, akaolewa hapa hapa Buganguzi. Jina lake Anatolia.

Benigna, mke wa Aristides, alimtazama mumewe. Aristides alitazama dari.

Kesho yake Benigna na Apolinary walikwenda kwa Anatolia. Kizee aliwapokea vizuri, akawapa ndizi, lakini swali lao hakulijibu. Alisema jambo la posa ni la baba wa binti, basi aje mwenyewe, mlango uko wazi. Aristides alipoletewa majibu hayo alivuta pumzi puani kama fahali. Alisema hii ni nchi huru yenye maandishi, na kwamba yeye hatakwenda kuomba historia kwenye kichuguu.

Alianzia parokiani. Mtunza vitabu alikuwa katekista Ildefons, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Walifungua kitabu cha ubatizo kizito kama mtoto wa ndama. Rweyemamu walipatikana upesi, tena wengi: Petro Rweyemamu, Paulo Rweyemamu, Yosefu Rweyemamu, wote wamebatizwa Pasaka moja. Kwenye nafasi ya baba paliandikwa neno moja la Kilatini, na kwenye nafasi ya mama vivyo hivyo. Aristides akauliza maana yake. Ildefons akamwambia ni mpagani.

"Huyu Mpagani," akasema Aristides, "alikuwa na watoto wengi sana."

Ildefons alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaona mwenzake hacheki, akaivaa tena, akaeleza kwamba wazazi wote ambao hawakubatizwa waliandikwa hivyo. Aristides akataka kujua koo zao ziliandikwa wapi. Ildefons akajibu kwamba mapadri wa zamani walikuwa wanahesabu roho, hawakuwa wanahesabu koo.

Aristides akafunga safari ya Bukoba. Katika ofisi moja ya serikali alimkuta karani aitwaye Saburi, na jina lilimfaa, maana alimwambia asubiri. Alisubiri siku ile, akaambiwa arudi. Aliporudi, Saburi alikuwa amepata vitabu vya kodi vya zamani za Mwingereza, au tuseme alipata kile mchwa walichosaza. Majina yalikuwa yamebaki vichwa bila miguu. Rweyemamu hakuonekana. Aliyeonekana, mzima kabisa, mwandiko unang'aa, alikuwa Karugendo, baba mzazi wa Aristides.

Hapo Aristides alijikohoza. Miaka yote aliwaambia watu wake, hasa siku za michango, kwamba marehemu baba yake alikuwa mtu wa kwanza kulipa kodi Buganguzi yote, bila kusukumwa. Akamwomba Saburi asome kwa sauti, ili wengine waliokuwa kwenye foleni wafaidi.

Saburi akasoma. Karugendo alikutwa amejificha ndani ya mtumbwi wa kukamulia ndizi, amefunikwa majani. Alilipa kodi baada ya kuoshwa.

Foleni ilijitahidi kuwa na adabu, ikashindwa. Saburi akauliza kwa upole, "Mzee, niendelee kutafuta?"

"Funga," akasema Aristides.

Alirudi nyumbani akiwa na vumbi la vitabu puani na njaa tumboni. Theopista alimletea chakula kama kawaida, akapiga goti, akaweka maji ya kunawa. Ila hakuondoka. Alikuwa binti mwenye maneno machache, na siku hiyo aliyatumia yote.

"Baba, Bukoba umekwenda na umerudi. Kwa bibi Anatolia ni hapo hapo nyuma ya migomba. Mimi naomba kuuliza tu, ni rahisi zaidi mimi kukosa mume au wewe kuinama?"

Aristides alinawa mikono. Chakula hakukila.

Asubuhi alimchukua Apolinary awe shahidi, wakashika njia. Habari hukimbia kuliko miguu. Walipofika, nyumba karibu zote kumi zilikuwa na shughuli za ghafla karibu na ua wa Anatolia. Mmoja anatafuta kuku, mwingine anakagua mgomba usio wake. Mlango wa msonge ni mfupi, umejengwa hivyo ili kila aingiaye aingie kwa heshima. Aristides aliinamisha kichwa tu, mgongo ukabaki wima kama mlingoti. Nyasi zikamvua kofia. Akajaribu tena, akagonga paji la uso. Nje mtu akakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Mwisho Aristides akapiga magoti, akakunja mgongo, akaingia.

Ndani Anatolia alikuwa jikoni, anakaanga senene.

"Karibu, Ndugu Balozi," akasema. "Umekuja kubomoa?"

"Nimekuja kuuliza, waitu," akasema Aristides, na neno hilo la heshima lilimtoka kama jino. "Tena nimekuja kuomba radhi. Nilikusema vibaya mbele za watu."

Kizee aligeuza senene. Kisha akachota kiganja kizima, akatia mdomoni, akatafuna mbele yao taratibu kama mtu aliye kwenye karamu. Apolinary alipiga ishara ya msalaba. Shangazi yake, damu ya baba yake, anakula muziro.

"Mnashangaa nini?" akasema Anatolia. "Zamani sisi wanawake tulikusanya senene, waume wakala. Nchi ilipopata Uhuru nikasema na mimi nipate wangu. Lakini muziro wa baba yangu sijaugusa hata leo. Muziro wetu ni pongo, yule mnyama wa porini."

Ndipo akasimulia. Kaka yake Rweyemamu, siku ya kujitambulisha ukweni, alishindana njiani na wenzake kula senene wabichi, na mabawa yao, na miguu. Alishinda. Alipofika mbele ya baba mkwe ushindi wote ukamtoka juu ya mkeka mpya. Kwa aibu akasema amelishwa muziro wake bila kujua. Wakwe wakamhurumia, wakampa mke. Tangu hapo ilimbidi aishi na uongo ule. Hakuweza kula senene mbele ya mkewe, na watoto wakarithi.

"Alinipa kiapo nisiwaambie wanawe, nikakishika," akasema. "Sasa aibu ya marehemu haimuumi tena. Inawauma watoto. Ila sikutaka kuitoa kwa mtu anayeona nyumba yangu ni takataka."

Aristides alicheka. Alianza kidogo, kisha akacheka mpaka machozi, na cheko likamfungua kinywa, akawasimulia habari ya baba yake na mtumbwi wa ndizi, jambo ambalo aliapa atakufa nalo. Anatolia naye alicheka mpaka akashika ukuta. Apolinary peke yake hakucheka. Alikuwa akiitazama sufuria. Alinyosha mkono polepole, akachukua senene mmoja, akamtafuna. Akachukua mwingine.

"Miaka hamsini," akasema kwa huzuni. "Baba alinidhulumu miaka hamsini."

Jumapili iliyofuata ndoa ya Theopista na Privatus ilitangazwa kanisani, na kabla ya Majilio ikafungwa. Lakini siku ile ya msonge Aristides alitoka nje kwa magoti yale yale aliyoingilia, nyasi kichwani, akawakuta watu wake wa nyumba kumi hawajaondoka hata mmoja. Alijifuta suruali. Akawaambia kwa sauti ya balozi kwamba posa imekubaliwa, kwamba amezunguka parokia na mji mzima kutafuta neno lililokuwa hapa nyuma ya migomba yake, na kwamba asiyeamini aingie mwenyewe akaulize, ila aangalie kichwa: mtafuta cha mvunguni sharti ainame.