Kinyago cha Chujio

Hebu vuteni picha ya ukumbi wa mabati mjini Kitale. Watu wawili waliovaa vinyago vya wavu wa waya wanatazamana, kila mmoja na kitara, yaani upanga mwembamba wa mchezo, mkononi. Anayemgusa mwenzake kwa ncha amepata alama. Na hapo pana desturi moja: aliyeguswa hangoji mwamuzi. Huinua mkono mwenyewe.

Desturi hiyo waliifundishwa na Kocha Masibo. Sasa koo lake lilikuwa na uvimbe. Kesho yake asubuhi angepasuliwa, na daktari alimwambia wazi kwamba sauti huenda isirudi. Historia yote ya mchezo wa vitara pale mjini ilikuwa kichwani mwake tu. Wenzake walioanza naye mchezo huo walikwisha kufa.

Wanafunzi wake watatu walilijua hilo. Nanjala alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Kibiwott alikuwa fundi wa simu. Zuhra hakusikia tangu utotoni, lakini aliyasoma maneno midomoni mwa mtu kama wewe usomavyo kitabu.

Mchana ule Nanjala na Kibiwott walimfuata kocha ukumbini.

"Tusimulie, kocha."

"Hadithi hazimpi mtu alama. Fanyeni mazoezi." Moyoni aliogopa: akianza kusimulia, itakuwa kama anaaga.

Nanjala akavaa kinyago. "Basi tucheze. Kila nikikugusa, unatoa kisa kimoja. Ama mzee anaogopa?"

"Mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi!" Kocha akacheka hadi akakohoa. Akaonyesha ukutani, kwenye kinyago kikuukuu kuliko vyote. "Atakayeiokoa historia hii, kile ni chake. Haya, simama!"

Mzee hakuachia mguso wa bure. Nanjala alitoka jasho. Lakini kila alipoguswa, kocha aliinua mkono, akavua kinyago, akasimulia.

Sauti ilikuwa hafifu, kama karatasi inayokwaruzwa. Kibiwott akaifunga simu kifuani mwa kocha, chini ya koti. Visa vinne vikanaswa, neno kwa neno.

Ghafla mvua ikayashukia mabati. Kibiwott akasikiliza simu: ngurumo tupu.

"Kocha, tungoje iishe!"

Kocha akatikisa kichwa. Alihisi sauti ikimwishia.

Ndipo Zuhra akaingia, ameloa chapachapa, akitoka kwenye mtihani. Akaketi mbele ya kocha, akaikazia macho midomo yake, akaandika. Nanjala akagusa tena, na tena, na tena. Visa vitatu vikaingia daftarini. Cha mwisho kilimtaja Esta, mama muuza chai aliyekishona kinyago kile cha ukutani, cha kwanza pale mjini, kwa chujio lake la jikoni. Jina lake halikuwa limeandikwa popote.

Upasuaji ulikwenda salama. Sauti haikurudi.

Wiki iliyofuata wote watatu walisimama kando ya kitanda cha kocha hospitalini. Daftari lilikuwa na visa vyote saba, vile vinne vya simu vikiwa vimenakiliwa humo. Kinyago kile cha ukutani kilikuwa mapajani mwa kocha.

"Bila mimi asingefungua mdomo," alisema Nanjala.

"Na alipofungua, nani angekumbuka?" akajibu Kibiwott. "Wewe ulikuwa unahema tu."

Zuhra akawaandikia: "Na visa vitatu mngevisikia kama mvua."

Kocha akawatazama mmoja mmoja. Akafungua ukurasa wa mwisho, akalisoma jina la Esta. Kisha, polepole, akainua mkono juu.

Ameguswa. Lakini ameguswa na nani?

Kinyago ni kimoja. Je, wewe ungekuwa mahali pa kocha, ungemkabidhi nani? Fikiri bila haraka. Na kabla hujajibu, nakuomba ukumbuke jambo moja tu: jina la mama aliyekishona.