Simu ya Salamabila

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakutuambia tumkamate jirani kila tunapowashwa. Walitaka mtu ajikague kwanza. Lakini wapo wakubwa wanaosikia methali kwa sikio moja, na Hippolyte alikuwa mmoja wao.

Hippolyte aliongoza ofisi ya shirika dogo mjini Kasongo, lililopeleka dawa kwenye vituo vya afya vya Wamaza. Jumatatu alibadilisha neno lake la siri, kama shirika lilivyoagiza kila baada ya miezi mitatu. Tangu hapo hakupata raha. Akiingia kwenye mtandao, dakika chache tu anatupwa nje na kuandikiwa kwamba akaunti imefungwa. Odile, fundi wa mitandao, aliifungua, ikajifunga tena. Siku ya tatu Hippolyte alipandwa na mori. Aliwakusanya wafanyakazi wote barazani, akamnyooshea Odile kidole.

"Mu ofisi hii, ni wewe peke yako njo unajua hizi mashini," alisema. "Unanifungia ili nionekane mutu asiyejua kazi. Mama Marie anaandika barua yako ya kufukuzwa. Saa tisa utaniachia funguo."

Ushahidi hakuwa nao hata chembe. Mwanamke aliyetumika miaka sita bila doa alivuliwa heshima mchana kweupe, na wenzake, ambao kila siku walimwita awasaidie, wakaangalia viatu vyao. Inachukiza kusimulia.

Odile alirudi mezani kwake akiwa ameuma meno. Alifungua kumbukumbu za mtandao, akakuta kwamba kila baada ya dakika mbili kulikuwa na jaribio la kuingia kwa neno la siri lisilo sahihi. Ila kati ya saa sita na saa saba, Hippolyte alipokwenda nyumbani kula, palikuwa kimya kabisa. Aliporudi, majaribio yakaanza upya. Odile akainuka, akabisha mlango wa mkubwa wake.

"Papa Hippolyte, naomba uvue koti. Mama Marie aipeleke kule ku barabara."

"Koti yangu iko na kosa gani?"

"Mbele ya kunifukuza, vua tu."

Alilivua kwa kununa. Marie, katibu wake, akaiacha barua mezani, akatoka na koti. Odile akaifungua akaunti, Hippolyte akaingia. Robo saa nzima ikapita na hakutupwa nje. Ndipo Odile alipomwita Marie arudi. Koti lilipokaa chumbani dakika kumi, akaunti ikafungwa.

"Sasa angalia mu mifuko," Odile alisema.

Simu mbili za kila siku za Hippolyte, ambazo Odile alikwisha kuziwekea neno jipya la siri, zilikuwa mezani. Kutoka mfuko wa ndani ikatoka ya tatu, ndogo, yenye kioo kilichopasuka.

"Hii iko simu ya safari ya Salamabila," Hippolyte alisema. "Ni ya réseau, mutandao ya kule. Huku Kasongo siitumikishi."

"Wewe hauitumikishi, Papa, lakini yenyewe inajitumikisha. Ikifika hapa, inaona réseau ya ofisi, inapiga hodi na mot de passe, ile neno ya siri ya zamani. Inakosea mara tano, mulango unafungwa."

Hippolyte alikohoa. "Basi, imekwisha. Turudi ku kazi."

Tazama ujeuri huo. Matusi ya barazani alitaka kuyafuta kwa kikohozi kimoja.

"Haijakwisha," Odile alisema, bila kupaza sauti. "Jina yangu uliiharibia barazani. Utaitengeneza barazani."

Hippolyte alimtazama Marie, labda akitafuta mtetezi. Marie akaichukua ile barua, akaichana vipande viwili, akaenda kuwaita watu.

Walipokusanyika, Hippolyte aliiinua ile simu. "Odile hakunifungia," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijifungia mwenyewe. Anisamehe."

Odile aliitikia kwa kichwa, akarudi kazini. Na wewe unayewashwa leo, kabla hujanyoosha kidole, kung'uta kwanza koti lako: kikulacho ki nguoni mwako.